Kwa Halidi, Mshindi Analipa

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Halidi alitoa padi zake nne za kuchezea gemu nje na kuzianika kwenye ungo. Alizipanga kama mtu anayeanika dagaa, migongo juu, nyaya zimekunjwa pembeni, kisha akakaa kwenye kigogo kuzisubiri. Jua likishachomoza juu ya milima, alizigeuza. Majirani wa Mafiga walikuwa wameshazoea. Mgeni akiuliza, aliambiwa kwamba jasho la watu likikaa ndani ya padi, kitufe cha kupiga shuti kinakuwa kizito, na kitufe kikiwa kizito watu wanagombana.

Kibanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba: mashine mbili za gemu, runinga mbili, mabenchi mawili, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Hakikuandikwa jina. Watu walisema tu "kwa Halidi", na asiyepajua alielekezwa kwa sheria yake: pale ambapo mshindi ndiye analipa.

Kwingine kote mjini aliyefungwa ndiye hulipa. Mnakaa wawili, mnacheza mpira wa kwenye runinga, aliyekula magoli anatoa mia tatu, anainuka, mwingine anakaa. Anayejua anacheza kutwa nzima bila kutoa hata senti. Asiyejua analipa, anainuka, anasimama mlangoni akitazama, na baada ya wiki mbili hata mlangoni hayupo.

Hayo Halidi hakusimuliwa. Alipokuwa na miaka kumi na saba alikuwa utingo wa lori la vitunguu, na kila lilipoegeshwa Dumila alikimbilia kibanda cha gemu nyuma ya stendi. Alifungwa miezi mitano mfululizo. Wiki aliyofunga goli lake la kwanza, mwenye kibanda alipandisha bei, na lori likabadilishiwa njia.

"Nimesomea gemu kwa ada kubwa kuliko madaktari," alipenda kusema, "na cheti sikupewa."

Basi alipopata kibanda cha kusimamia, akaigeuza sheria. "Kumtoza aliyefungwa," alisema, "ni kama basi kumtoza nauli mtu aliyeachwa kituoni." Na mtu akiendelea kubisha, alikuwa na jibu la pili. "Ngomani anatunza nani? Aliyefurahi. Umeona wapi mtu ametoka kuzika, akapitia ngomani kutunza?"

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Watu walipiga hesabu, wakaona heri kufungwa. Abel, dereva wa bodaboda, alicheza na mwenzake mechi iliyoisha saba kwa saba, na magoli yote kumi na manne yalikuwa ya kujifunga. Ilikuwa mechi yenye ushindani mkali. Kila mmoja alikimbiza mpira kwenye goli lake mwenyewe, na mwenzake akimfukuza kumzuia. Halidi aliitazama mpaka filimbi ya mwisho bila kucheka, kisha akaleta mafagio mawili.

"Anayejifunga anafagia," akasema. "Wewe anzia hapa mpaka mlangoni. Wewe mlangoni mpaka barabarani."

Kesho yake alipaka kipande cha ubao rangi nyeusi, akakitundika ukutani na kuandika kwa chaki jina la kila aliyeshinda. Abel alipoliona jina lake pale juu, na abiria wake wawili wakalisoma kwa sauti, hakujifunga tena. Akawa analipa kwa kishindo, akizibamiza sarafu mezani kama kete za dhumna. Pato la kibanda lilikuwa lile lile la vibanda vingine, maana mchezo mmoja una mlipaji mmoja tu. Tofauti ni kwamba kwa Halidi waliofungwa walirudi kesho yake.

Aliyerudi kuliko wote alikuwa Joyce. Joyce alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni mtaa wa pili, na kila saa tisa alasiri alipopewa mapumziko alikuja na aproni yake imelowa mbele, akakaa benchi la kushoto, akafungwa, akaaga, akarudi kazini. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi minane. Hajawahi kushinda. Hajawahi kulipa. Lakini kila siku alikuja na mia tatu yake kwenye fundo la kanga, kwa tahadhari.

"Dada Joyce, leo unakula ngapi?" Abel alimuuliza.

"Nne."

"Jana si ulikula sita?"

"Ndiyo maana nakwambia naendelea vizuri."

Siku moja aliongoza goli moja kwa bila mpaka kipindi cha pili. Kisha kipa wake akatoka na mpira kwenda kusikojulikana, na mambo yakarudi kama kawaida.

Sasa, mashine hazikuwa za Halidi. Zilikuwa za mjomba wake, Mzee Rashidi wa Kinole, aliyezinunua kwa mdalasini wa misimu miwili. Na kwa Waluguru mjomba ni mjomba. Shamba hutoka upande wa mama, na neno la mwisho hutoka huko huko. Siku alipomkabidhi alisema, "Simamia miaka mitatu. Ukinisikiliza, baada ya hapo mashine ni zako." Miaka mitatu ilikuwa inatimia mwezi huo, na Jumatano moja mjomba akashuka mwenyewe kuja kuangalia mali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Endelea na kazi. Mimi sipo."

Akakaa kwenye stuli kando ya mlango, kofia magotini. Hakuwepo namna hiyo kwa siku tatu. Hakuuliza kitu, hakula kitu zaidi ya chai na kitumbua. Halidi alimwona anavyohesabu watu kwa kutikisa kidole gumba, akajua mambo yanakuja. Alianika padi mapema kuliko siku zote, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Siku ya tatu, Ijumaa, baada ya swala, mjomba alifungua kinywa.

"Yule mwanamke wa aproni. Juzi sikumwona akitoa hela. Jana sikumwona. Ana deni?"

"Hana deni, mjomba. Anafungwa."

"Analipa lini?"

"Siku akishinda."

"Ameshawahi kushinda?"

Halidi akaangalia feni. "Bado."

"Tangu lini?"

"Miezi minane sasa."

Mjomba alivaa kofia, akaivua. "Halidi. Mimi nimechuna magome ya mdalasini mpaka kucha zimebadilika rangi. Mtu anachezea mdalasini wangu miezi minane bure?"

"Si bure, mjomba. Anayemfunga amelipa. Kila mchezo umelipiwa. Ungechezwa kwenye kibanda kingine ungelipiwa vile vile, mara moja."

"Lakini si na yeye."

"Si na yeye."

"Basi kuna mtu hapa anakula bila kulima." Alisema kwa upole, kwa lafudhi ya mlimani ile ya kuvuta mwisho wa neno. "Hesabu yako naielewa, mtoto wa dada yangu. Mimi si mjinga. Hela ni ile ile. Ila mtu akiniona barabarani akaniambia, mzee, kwenye mashine zako kuna mtu wa bure, nitamjibu nini?"

Hilo halikuwa swali la hela, na majibu yote ya Halidi yalikuwa ya hela.

Saa tisa Joyce akaingia. Akamwamkia mzee, akakaa benchi lake. Abel akasogea amfunge kama kawaida, lakini mjomba alikuwa ameshainuka.

"Nipe mimi hicho kidude," akasema. "Tumwone huyu."

Halidi akampa padi, akamwonyesha kitufe cha pasi na kitufe cha shuti. Mjomba aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Mchezaji wake wa kwanza alikimbia akatoka nje ya uwanja. Wa pili akamfuata.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Wanakwenda unakowapeleka, mzee wangu," Abel akasema.

"Mimi sijawatuma."

Dakika ya themanini ya kwenye runinga, Joyce akapata mpira mbele ya goli tupu, maana kipa wa mjomba alikuwa kwenye kona akitazama mashabiki. Akapiga. Ukaingia. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu aliogopa kwamba akipumua, goli litatoka. Filimbi ilipolia, Joyce aliweka padi chini taratibu, akasimama, akafungua fundo la kanga, akaiweka mia tatu mezani. Kisha akaisogeza kidogo, ikae katikati.

"Jina langu mnaandika wapi?" akauliza.

Halidi aliliandika juu kabisa. Herufi zilipinda, akasema chaki ni mbovu. Abel akatoka nje akapiga honi ya pikipiki yake mara tatu, akarudi akakaa kama si yeye. Joyce alilisoma jina lake, akasema mashuka yanamsubiri, akaenda.

"Sasa mimi nalipa nini?" mjomba akauliza.

"Hulipi, mjomba. Umefungwa."

Mjomba akafikiri. "Basi tucheze tena."

Alicheza na Abel akala tisa, Abel akalipa. Alicheza na fundi cherehani wa jirani akala tano, fundi akalipa. Alicheza na mwanafunzi wa chuo akala mbili tu, akasema anaanza kuuelewa mpira. Kufika saa kumi na moja alikuwa amecheza michezo sita, amefungwa yote, hajatoa kitu, na kofia yake ilikuwa imeanguka chini ya benchi bila yeye kujua. Halidi alikuwa akimtazama. Moyoni alishaanza kusema: kimeeleweka. Aliona mwaka kesho, mashine zake mwenyewe, labda feni mpya.

Mjomba akanyoosha mgongo. "Mchezo mzuri," akasema. "Mzuri sana. Halidi, mashine nakupa, kama nilivyosema. Neno langu ni moja tu. Kuanzia kesho, aliyefungwa alipe. Kama kwa watu wengine."

Halidi akaweka chaki chini.

"Hata wewe, mjomba?"

"Mimi ndiye mwenye mali."

"Na Joyce?"

"Akijifunza, atacheza."

"Atajifunzia wapi?"

Mjomba hakuwa na haraka. Aliinama akaiokota kofia, akaikung'uta vumbi. "Hilo si letu. Sisi tuna kibanda, hatuna shule. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mjomba."

Na alikuwa amemsikia kweli. Alitazama mashine mbili, runinga mbili, ubao. Alijua kinachotakiwa ni neno moja, "sawa," na kwamba akilisema atakuwa mtu mwenye mali Mafiga, mwenye kibanda kama vibanda vingine, na kila saa tisa atakuwa anamtazama Joyce amesimama mlangoni, mpaka siku ambayo hata mlangoni hatakuwepo. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani kando ya sarafu. Akavaa ndala.

"Haya, nani yuko na mimi?" mjomba akauliza, akishika padi tena.

"Kaa nikufundishe kona, mzee wangu," Abel akasema, akimtazama Halidi.

Halidi akapita kati yao na runinga, akisema samahani kwa kuwaziba, akatoka. Abel alidhani amekwenda kununua umeme, kwa kuwa mita ilikuwa imeanza kulia. Mjomba alidhani amekwenda kujisaidia. Yeye alipita mbele ya fundi cherehani akamsalimia, akapita nyumba ya wageni ambako mashuka yalikuwa kwenye kamba, akashika barabara ya lami. Alitembea kwa mwendo wake wa siku zote. Walimsubiri mpaka umeme ukaisha, wakaendelea kumsubiri mbele ya runinga nyeusi, kila mtu na padi yake mkononi, na hakurudi.