Shimo Lililotafutwa Chini ya Kitanda cha Kalombo

Pale mtaani Kasulo mtu akitokwa na jasho bila sababu, majirani sababu wanayo: anachimba kobalti chini ya nyumba yake. Na Kalombo, fundi cherehani, alitokwa na jasho miezi mitatu mfululizo.

Kila asubuhi mkewe Ndaya alianika mashuka yaliyolowa chapachapa. Saa nne Kalombo alikuwa amesinzia juu ya cherehani, mikono ina alama za bluu kama za kugongwa, suruali inamvuka. Na bukari, ugali wa kwao, ambayo zamani aliifagia hadi sahani ikaona haya, sasa ni tonge tatu: "Nimeshiba." Mwanaume mzima, tonge tatu.

Moyoni Kalombo aliogopa. Hospitali aliiogopa zaidi.

Jirani yake Mpoyi, mwenye macho makubwa kuliko akili, alikata shauri kwamba huyu anachimba kuelekea kwake. Akamleta chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao. Blandine, binti wa Mpoyi, muuguzi, akafuata baba asije akapigana.

"Tata Kalombo, shimo iko wapi?"

"Shimo gani, Tata Mpoyi? Mi hata kuinua makasi nachoka."

"Njo vile bachimbaji banasemaka," akasema Mpoyi, asisadiki hata neno.

Kitanda kikatolewa nje. Kabati likasogezwa. Mpoyi akagonga sakafu yote kwa mchi, sikio chini, kama daktari wa saruji. Saruji ilikuwa nzima kuliko yeye. Kalombo akachoka nao, akapandisha shati.

"Pengine nilificha humu. Tafuteni."

Tumbo lilikuwa limetokeza, tena upande wa kushoto tu. Wakacheka wote isipokuwa Blandine. Akabonyeza chini ya mbavu: kugumu kama ubao.

"Tata, hii haiko bukari. Ni bandama imevimba, inafinya tumbo, njo maana unashiba mbio. Kesho tunaenda kupima damu."

Ndaya akaketi juu ya kitanda kilekile kilichokuwa uani.

Chembe nyeupe za damu zilikutwa nyingi kupita kiasi. Vipimo vingine vikafuata hadi daktari akalitaja jina: leukemia, saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Kidonge kila siku, huenda maisha yote, lakini imewahiwa.

Sasa Mpoyi anaitangazia avenyu nzima kwamba ugonjwa aliugundua yeye. Kalombo alitaka kumkatalia. Ndaya akamshika mkono.

"Acha aseme. Bila wivu yake, mi ningekuwa mujane."