Kengele ya Dungu la Bibi Akwilina

Jumamosi, tarehe 15 Mei 1954. Alfajiri manyunyu. Kufika saa tatu jua limewaka, lakini njia ya Kibaoni bado matope.

Ndivyo daftari langu linavyoianza siku ile, mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu. Nimelitoa sandukuni leo ili nisije nikakudanganya. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mwandiko wangu wa wakati ule una makosa ninayoyaonea haya mpaka leo. Lakini niliyaandika mambo jioni ileile, kabla sijapata nafasi ya kujipamba. Nasikia umeingizwa kwenye kamati ya kupokea wageni wa mji rafiki kutoka ng'ambo. Basi kaa, usome.

Miaka ile watu wa mji mdogo wa Uswisi walituandikia barua kupitia misheni. Walitaka mji wao na Ifakara yetu iwe kama ndugu: tuandikiane, tutembeleane, tufundishane kazi. Padre aliifasiri kwa Kiswahili, akanipa mimi niisome mkutanoni, kwa kuwa nilikuwa karani wa kamati.

Barua ilikuwa na kurasa tatu. Mbili zilikuwa na maneno makubwa ya udugu na amani, nikazisoma kwa sauti ya kanisani. Ya tatu ilitoka kwa mama mmoja mkulima, jina lake Lina. Alieleza jinsi ndege wanavyommalizia zabibu zake kila mwaka, akauliza: na ninyi huko ndege wanawasumbua? Mnafanyaje? Mimi nikaona barua nzito kama ile haiwezi kuishia kwenye habari za ndege. Nikaikunja karatasi ya tatu, nikaitia mfukoni. Padre alikuwa safarini siku hiyo, kwa hiyo yeye asilaumiwe. Nilifanya mwenyewe, na hakuna aliyenituma.

Wageni walipotangaza kuja, nilitoa amri ambayo sijui niliipata wapi. Watu wote watoke mashambani, wajipange barabarani, waimbe. Wageni wakae vitini, wasiguse kitu, na kamati iwachomee mbuzi wa karamu. Sasa wewe umekulia hapa, unajua mwezi wa tano ulivyo. Mpunga umeanza kujaza punje, ukiibonya inatoa maziwa, na wale ndege wadogo, kwelea, wanaupenda hapo hapo. Kila mwenye shamba huwa juu ya dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, akiamia, yaani akifukuza ndege, tangu kunapokucha mpaka jua kuzama.

Bibi Akwilina alikuwa mjane aliyetoka upande wa Mahenge, anaishi na binti yake mgonjwa. Shamba lake lilikuwa moja tu, kuvuka kijito, na wali wao wa mwaka mzima ulikuwa humo. Lakini hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo kama yeye. Alfajiri ya siku ile nikaenda kumwita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuamia na mimi?"

"Nimekuja kukuita mjini. Bila wewe nyimbo zitatuaibisha."

Akanyoosha mkono, akanionyesha mpunga. "Huo umeshika maziwa. Mimi nikishuka, ndege wanapanda."

Nikamjibu, na jibu hilo limo daftarini nisiweze kulikana: "Bibi, ndege nao wangoje siku moja."

Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. Lakini alikuja. Nisimsingizie mtu: alikuja kwa sababu nilimwambia kwamba asipokuja, aibu itakuwa yake.

Tulijipanga tangu saa tatu. Mto ulikuwa umejaa, na lori la wageni lilikwama kwenye kivuko. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Jamaa yangu Saidi, mvuvi, mtani wangu wa siku zote, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ngoma kubwa ya kupokelea wageni. Akasema, "Karani, wageni wako wanakuja kwa miguu kutoka Ulaya, au?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Walifika saa tisa. Walikuwa wawili: Mama Lina mwenyewe, mwanamke mnene mwenye mikono ya kazi, na Bwana Otto, seremala. Padre alikuwa nao. Tukawakalisha vitini. Mama Lina akafungua sanduku la zawadi, na sisi sote tukanyoosha shingo. Sitakuficha, nilikuwa nimeota pampu ya maji.

Akatoa kengele. Kengele ya ng'ombe, kubwa kama chungu, na mkanda wake wa ngozi.

Saidi akasema, si kwa sauti ya chini, "Nchi ya mbung'o hii. Ng'ombe wa kuivaa tutamtoa wapi? Tumvalishe karani?"

Wakati watu wanaangua kicheko, Bibi Akwilina aliacha kuimba. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya kijito. Nikageuka, nikaona wingu jeusi linashuka, linapinduka, linanyanyuka, linashuka tena. Halikuwa la mvua. Lilikuwa juu ya shamba lake.

Akajifunga kanga kiunoni, akaondoka. Nikamkimbilia, nikamshika mkono. Mbele ya wageni, mwanangu, nikamshika mkono mama wa umri ule.

"Bibi, wageni!"

"Wageni wataondoka, na viti vyako utavirudisha ulikoviazima," akaniambia. "Mimi nitabaki na mabua. Niachie."

Nikamwachia. Nyuma yangu Mama Lina alikuwa anamuuliza Padre kuna nini. Padre akamjibu kwa maneno machache tu. Sikujua neno hata moja la lugha ile, lakini nilimwona uso unabadilika. Akavua viatu, akaviacha pale pale kwenye mkeka wetu mpya, akaichukua kengele mezani, akamfuata Bibi Akwilina mbio. Bwana Otto akatupa kofia, akafuata. Mimi nilibaki na ratiba yangu mkononi. Kisha Saidi akanipita, akanipiga bega: "Karani, soma hiyo ratiba baadaye!" Watu wote wakaondoka kama maji.

Tulivuka kijito kwa miguu, matope mpaka magotini. Bibi Akwilina alishapanda dunguni na alikuwa anazungusha kombeo, udongo unavuma hewani. Mama Lina akapanda nyuma yake. Dungu likalia kwa nguzo zote, tukadhani litaanguka. Halikuanguka. Akainua kengele kwa mikono miwili, akaipiga.

Sijapata kusikia sauti kama ile bondeni kwetu. Wingu zima la kwelea liliruka kwa mara moja, kama mtu amelivuta kwa kamba. Halafu yule mama akafungua kinywa akatoa mwito wa kwao, unapanda unashuka kooni, mrefu, na Bibi Akwilina akaupokea kwa vigelegele. Sisi chini tukapiga madebe na makofi. Bwana Otto aliomba kombeo, akalizungusha kinyumenyume, bonge la udongo likanipata mimi kifuani. Saidi akapiga kelele, "Huyo ndiye ndege mkubwa! Mwongezee!" Nadhani nilistahili.

Ndege walirudi mara nne, daftari linasema. Mimi kichwani nina mara tano. Kila waliporudi walikuta watu. Jua lilipokaribia kuzama wakaondoka kabisa, na Bibi Akwilina akashuka kukagua. Upande wa kijito ulikuwa umeliwa, sitasema haukuliwa. Lakini sehemu nyingine yote ya shamba ilikuwa imesimama. Akashika suke, akabonya punje, maziwa yakatoka. Akaliinua juu, na watu tukashangilia kama tumeshinda vita.

Ndipo Mama Lina, matope mpaka kiunoni, akamwambia Padre jambo, naye Padre akatufasiria. Kengele ile ilitoka kwenye shamba lake la zabibu. Aliipiga yeye, na mama yake kabla yake, kufukuza ndege. Aliona kwamba watu wanaolima nafaka lazima wana ndege, akataka kujua kama itafaa, maana barua yake hatukuijibu.

Wote wakanitazama. Nikatoa ile karatasi ya tatu mfukoni mwa suruali yangu ileile ya mikutano, imelowa, nikasema nilichofanya. Nilingoja kutukanwa. Bibi Akwilina akacheka mpaka akakaa kwenye tuta.

"Basi leo," akasema, "ndege wamekuja kutusomea ukurasa uliobaki."

Bwana Otto alikaa wiki tatu akijenga upya dungu lile pamoja na vijana wetu, ngazi na nguzo za kukaza, na kengele ikavutwa kwa kamba kutoka chini. Msimu uliofuata ikahamia shamba jingine, kisha jingine. Bibi Akwilina alisuka kombeo la katani, akampa Mama Lina aende nalo. Mwaka uliofuata ikaja barua: wamejenga dungu katikati ya mizabibu, na watoto wa kule wanashindana kurusha udongo. Barua hiyo niliisoma yote, mpaka jina la mwisho.

Sasa shika haya, mwanangu. Mji rafiki usiufichie kazi yako ukidhani ni ndogo. Waambie kinachokula chakula chako, uwaulize kinachokula cha kwao. Udugu wenu utaanzia hapo. Mgeni akitaka kuvua viatu, mwache avue. Usimtoe mtu dunguni kwa ajili ya sherehe. Na barua ya watu isome yote, hasa pale unapoona aibu kuisoma.

Mungu akupe rafiki wa mbali atakayekukimbilia shambani, na wewe akupe miguu ya kukimbilia la kwake. Mpunga wako ujae, na mikono yako isikose wa kuisaidia.

Mstari wa mwisho wa siku ile daftarini unasema hivi: Mbuzi wa kamati tumemkuta mifupa, aliyemla sikumwona, simtaji. Jioni tumekula chini ya dungu, wote sinia moja: wali wa mpunga wa mwaka jana, kambale wa kuchoma aliyeletwa na Saidi, na majani ya maboga. Mama Lina ameongeza mara mbili.