Abiria Wangu wa Njia ya Sokoni

Kama uwanja wa ndege wa kwetu haukufungwa, nami sikufukuzwa kazi, ni kwa sababu Mama Nyambura aliniaibisha mbele ya baraza.

Nilikuwa karani Nyeri, miaka michache baada ya uhuru. Mkubwa wangu alinituma nipime faida ya viwanja vidogo vya ndege huku mlimani, maana visivyo na faida vingefungwa. Nilikaa wiki nzima kando ya uwanja, nikiandika kila aliyepita na mzigo. Nikajiona mtaalamu.

Barazani, mkubwa wangu akiwepo, nikasoma kwa majivuno: abiria ni wengi, hasa kina mama wenye vikapu.

Mama Nyambura, mkulima wa kahawa jirani na uwanja, akasimama.

"Kijana wangu, hao si abiria. Hiyo ni njia yetu ya sokoni. Hata mimi umeniandika, nikienda na nikirudi."

Watu walicheka mpaka mkubwa wangu akafuta machozi. Mama Nyambura hakuketi.

"Sasa andika ya ukweli. Msichana wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, barabara imeharibiwa na mvua. Ni ndege ilimpeleka hospitali Nairobi. Mtoto ndiye huyu," akageuka kunionyesha mgongoni pake.

Mbele ya wote, masikio yakiniwaka, nikawafuta abiria wangu wote, nikamuuliza jina la mtoto, niandike ya ukweli.