Swali Lililoulizwa Dirishani

Kosa langu la kwanza katika ualimu lilikuwa kunakili ukimya. Nalitaja mapema kwa sababu nimelificha miaka kadhaa, na kulificha hakujanisaidia.

Nilikuwa tarishi katika shule moja ya Ujiji, upande unaoteremkia ziwani. Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane bila kuchaguliwa kuendelea, na aibu hiyo niliibeba kila mahali. Kazi yangu ilikuwa kugonga kengele, kupeleka barua posta Kigoma na kujaza mtungi wa ofisini. Lakini kipindi cha Kiingereza kikianza, nilikwenda kuchuchumaa chini ya dirisha la darasa, daftari gotini, nikaandika kila nilichosikia.

Aliyefundisha alikuwa mwalimu mzee ambaye wazazi wake walitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Sikumwona akifundisha hata siku moja, nilimsikia tu. Niliandika maneno yake na mengine yote: hapa amekohoa, hapa amegonga meza mara mbili, hapa watoto wameitikia pamoja. Karibu na mwisho wa kila kipindi viatu vyake vilikuja hadi dirishani, vikasimama. Aliuliza kwa Kiingereza: "Na wewe, unaona nini?" Kisha kimya. Kisha: "Vizuri."

Nilidhani kuna mwanafunzi pale anayejibu kwa sauti ya chini mno. Mimi nami nilijibu, kwa pumzi tu: "Naona ukuta." Ukimya ule niliupima. Ulikuwa wa kuhesabu moja hadi saba. Nikauandika.

Mwalimu mzee alifariki mvua zilipoanza. Hapakuwa na mwingine wa kufundisha Kiingereza, kwa hiyo mwalimu mkuu aliniombea mkoani leseni ya muda. Masharti yalikuwa mafupi: baada ya mihula miwili mkaguzi angekuja kuangalia somo langu moja. Akiridhika, ningepata leseni kamili.

"Asiporidhika," mwalimu mkuu alisema, "kengele yako ipo palepale." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na madaftari sita, na niliapa kutobadilisha kitu. Alfajiri niliteremka ziwani kufanya mazoezi. Mwaka ule maji yalikuwa yamepanda yakaimeza njia ya zamani, nami nilisimama pale njia ilipoishia, nikayafundisha. Darasani nilikohoa alipokohoa marehemu. Niligonga meza mara mbili. Mwishoni nilitembea hadi dirishani, nikauliza, nikahesabu hadi saba, nikasema vizuri.

Mwanzoni watoto walicheka. Wiki ya tatu wakaacha. Kisha waliokaa karibu na dirisha wakaanza kuhama, mmoja mmoja, wakibanana wanne wanne upande wa pili, mpaka dawati la pale likabaki tupu. Sikuwauliza kwa nini. Jambo hilo halikuwemo kwenye madaftari. Nilipokuwa nikihesabu, darasa lilinyamaza hata nikasikia ziwa likipiga mawe kule chini.

Mchana mmoja msichana wa dawati la mbele alibaki kufuta ubao.

"Mwalimu, leo amejibu."

"Nani?"

"Huyo unayemuuliza."

"Hakuna mtu, wewe. Nauliza darasa zima."

"Sisi hutuulizi, mwalimu. Tukinyoosha mikono hututazami." Akakung'uta kitambaa, chaki ikaruka. "Amesema anaona ukuta."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno yale. Nilitoka nikazunguka nyuma ya darasa. Palikuwa na nyasi, ukuta na jua la saa saba. Nilisimama pale nikiogopa kuchuchumaa.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja muuza mawese, ndoo bado kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, mwanangu anakohoa kikohozi cha marehemu."

"Anaumwa?"

"Aumwe nini! Anakula ugali wa watu wawili. Anakohoa akisoma Kiingereza tu, na wenzake vilevile. Hebu niambie, Wazungu ndivyo wanavyozungumza, neno moja kikohozi kimoja?"

Nilijaribu kucheka.

"Usicheke. Nimekuletea mtoto umsomeshe, sikukuletea umwitie wafu."

Ningeweza kuacha siku ileile. Sikuacha, na hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Niliogopa kwamba nikiondoa kitu kimoja tu, somo zima litaanguka, na mkaguzi ataona tarishi amesimama mbele ya ubao. Nilikuwa radhi watoto waogope kuliko mimi nikosee.

Mkaguzi alifika kwa treni ya asubuhi, mtu mwembamba mwenye miwani. Alitafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja tu, pale dirishani. Watoto walimtazama akiketi kama wanaomtazama mtu anayeingia maji yenye mamba.

Somo lilikwenda bila kosa. Nilikohoa, wakakohoa. Kisha miguu yangu ikaanza safari yake. Nilijua aliyekaa pale ni nani, na nilijua sipaswi, lakini sikuwa na somo jingine kichwani. Nikasimama mbele yake.

"Na wewe, unaona nini?"

Aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika nne, akajibu kwa Kiingereza, taratibu: "Naona watoto wanaoogopa. Na mwalimu wao anaogopa pia."

Nikamalizia tano, sita, saba.

"Vizuri," nikasema, kwa kuwa daftari lilisema hivyo.

Hakuna mtoto aliyecheka.

Ofisini mkaguzi alitaka kujua swali lile ni la nini. Nilimpa daftari. Mwalimu mkuu alilisoma akichungulia juu ya bega lake, kisha akavuta kiti akakaa.

"Marehemu alikuwa anakuuliza wewe," akaniambia.

"Mimi?"

"Kichwa chako kilionekana toka dirishani, kijana. Nilitaka kukufukuza, mtumishi gani anaacha kazi kila siku saa nne? Akanikataza. Alisema huyo ni mwanafunzi wake, amekosa dawati tu."

"Lakini hakunisikia nikijibu."

"Alikuwa akisubiri mpaka midomo yako itulie."

Mkaguzi alinirudishia daftari.

"Alikuuliza wewe, kwa kuwa alikuona," alisema. "Wewe hapa unamwona nani?"

Hakusaini. Aliongeza leseni ya muda kwa miezi sita, na akasema akirudi anataka somo nililoliandika mwenyewe, hata kama ni baya.

Liliandikika vibaya kweli. Aliporudi nilikosea mara mbili ubaoni, na mara ya pili yule msichana wa mbele alinyoosha mkono akanisahihisha kabla mkaguzi hajaandika lolote. Leseni nikapata.

Tangu hapo sifundishi kwa maneno ya mtu mwingine. Nikiuliza swali namtazama ninayemuuliza, na nasubiri mpaka ajibu, bila kuhesabu. Hofu ya kukosea bado ninayo kila asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba sasa nakosea mbele ya watoto, na naendelea na somo.