Shikamoo Iliyokatika Katikati

Mdogo wangu alipigwa makofi mengi kwa ajili ya salamu, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Tulikaa Chemchem, enzi za Mwingereza. Kila asubuhi shangazi, dada yake baba, alipita kwetu, nasi wasichana tulimpigia magoti. Mdogo wangu, mtoto wa miaka saba, alikuwa akianza, "Shika..." kisha kimya. Macho yanamkodolea shangazi, kope zinapepesa kidogo. Ukihesabu mpaka kumi amesharudiwa na fahamu, anaendelea kubangua karanga alizoziacha kana kwamba hakuna kilichotokea. Kofi nalo limeshamfikia.

"Mtoto huyu ana kiburi," shangazi alimwambia mama. "Hamjamfunza adabu."

Mimi niliyelala naye kitanda kimoja ndiye niliyeona. Tonge lilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. Kanisani wimbo ulimkatika, akija kuudaka wenzake wako ubeti mwingine. Nikasema anaumwa. Nikaambiwa namtetea, nikala na mimi kofi langu.

Nilimsumbua mama mpaka akatupeleka zahanati. Dresa, yule msaidizi wa daktari, aliuliza bila kuinua uso, "Anaanguka?"

"Haanguki," nikajibu.

"Anatoa povu?"

"Hapana."

"Basi si kifafa. Mtoto mzembe tu huyo."

Nilimwomba amtazame japo kidogo, atajionea mwenyewe. Alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine. Nilitamani kumng'ata.

Makofi yakaendelea, mwaka ukapita. Asubuhi moja, uani, majirani wakiwepo, mdogo wangu alipiga magoti. "Shika..." Shangazi akainua mkono. Safari hii mtoto alikakamaa, akaanguka chali, mikono na miguu ikirushwa huku na huko, povu likamtoka.

"Kifafa!" shangazi alipiga ukelele, mkono ule ule akiuficha ndani ya kanga. "Msimguse! Povu hilo linaambukiza!"

Majirani walirudi nyuma mpaka ukutani, na mama pamoja nao. Mwaka mzima nilikuwa nikibembeleza waniamini, na sasa waliamini wote kwa mara moja. Nilimlaza ubavu peke yangu, nikamfuta povu kwa gauni langu, huku nikiwatukana moyoni mmoja mmoja.

Alizinduka, akalala sana. Alipoamka alimwona shangazi bado amesimama mlangoni. Akajikokota, akapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi," alisema, yote, bila kukatika.

Shangazi hakuitikia.