Kopo la Kuchotea Maji

Fundi anapaka lami kwenye paa langu hapa Kibomet, maana nimechoka kumwaga mabeseni kila mvua ikinyesha. Harufu hiyo inanirudisha mto Nzoia, baba akipaka lami boti yake ya kuvushia watu. Daraja lilikuwa limejengwa, lazima boti iuzwe. Mimi ndiye niliyekuwa nikichota maji yaliyoingia ndani, na hakuna aliyenishinda.

Mnunuzi akauliza, "Mzee, inavuja?"

Baba akakohoa. Nikajibu mimi, "Inavuja, lakini mimi huchota."

Akacheka. "Ati na huyu msichana anauzwa?"

"Boti tu, bana. Huyu ni wangu."

Akainunua hivyo hivyo, ati afadhali tundu analolijua. Nikabaki ukingoni nimeshika kopo, mikono imechoka, na hakuna maji ya kuchota.