Mlima Unakuja

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa dada yenu, siku aliponirudishia blanketi langu kutoka shule. Mwalimu wao alitaka kuwafundisha milima kwa picha za mtandaoni, zile zinazomulikwa ukutani. Mambo ya kisasa hayo, na mgeni wa wilayani alikuja kumkagua. Picha zinataka giza, basi madirisha yakapigiliwa mablanketi yetu kwa misumari. Watoto wakakaa gizani wanatazama kaduara kanazunguka ukutani. Mtandao na ukungu wetu wakishindana, mshindi mnamjua.

Mtoto mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, tufungue dirisha tuutazame ule wa nje?"

"Tulia wewe! Mlima unakuja."

Kaduara kakazunguka. Mwalimu anajifuta jasho, na baridi yote ile! Mgeni akainuka, akalivuta blanketi langu, likachanika praa! Nje, mlima umekaa palepale ulipokuwa tangu nazaliwa.

"Mwalimu," akasema, "huu umewahi."

Elimu imepanda, nashukuru. Haya, laleni wanangu, sogeleaneni. Baridi ikiwaingilia kwenye lile tundu, msilie. Ni mlima unakuja.